Kofia Isiyokombolewa

Kisarawe nzima hapakuwa na mtu aliyetukanwa kwa mapenzi kama Salumu mpishi. Akipita sokoni asubuhi na kapu lake, wanawake waliouza muhogo walimwacha mteja wakamgeukia yeye: mbeba pembe huyo, leo kamfikishia nani mzigo? Wazee waliokuwa barazani na vikombe vya kahawa wakamuuliza kama njia ya kurudi kwao Unyamwezi imeota majani. Naye hakukosa jibu. Aliwaambia kwamba Mzaramo huuza mnazi ili acheze ngoma, kisha kesho yake anazunguka kuuliza nani kaiba nazi. Watu wakacheka, akapewa muhogo wa bure, akaenda zake. Asiyejua mila angedhani mtu huyu anachukiwa. Kumbe matusi yale ndiyo yalikuwa ukoo wake pale, maana ukoo mwingine hakuwa nao.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, na utani si masihara ya kupitishia muda. Ni kazi. Mzaramo akifa, ndugu zake wanalia, na mtani ndiye anayekuja kuwazuia wasimfuate. Anaingia matangani akijifanya yeye ndiye marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama yeye, anadai alikuwa na deni lake. Ananyakua kitu cha marehemu, kofia au bakora au kanga, na hakitoi mpaka wafiwa wakikomboe kwa kuku au kwa unga, na kwa matusi mazuri zaidi. Hapo ndipo mjane anajikuta amecheka, na akishacheka anakubali kunywa uji. Salumu aliijua kazi hiyo kuliko kupika, na kupika ndiko kulikompa mshahara.

Alikuja pwani kijana, amebebeshwa mizigo ya Waingereza katika vita ile ya kwanza na Wajerumani, akaachwa Dar es Salaam na mguu uliovimba. Mguu ulipopona alifanya kazi ya reli huko Pugu, kisha akapanda vilima mpaka Kisarawe, akamwoa Mwanne binti Pazi, mwanamke mfupi wa Kizaramo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Mtoto Mungu hakuwapa. Salumu akapata kazi ya upishi katika shule ya bweni iliyokuwa juu ya kilima, shule ya wavulana waliotoka Kisarawe, Kongowe, Sofu na mpaka Mlandizi, na wavulana wale wakawa ndio wanawe, akiwatukana wote sawasawa bila upendeleo.

Ndui iliingia katikati ya vita ya pili, ile ya Hitla, wakati nguo ilikuwa adimu hata maiti wengine walizikwa kwa mikeka. Ilitoka huko ilikotoka, ikapita vijiji vya bondeni, na likizo ilipokwisha mvulana mmoja akarudi nayo shuleni. Bwana Afya akapanda kilima na askari wake. Dresa, mganga msaidizi wake, akachanja mikono ya wavulana wote, mgonjwa akachukuliwa kupelekwa kambi ya ndui, banda la makuti lililojengwa ng'ambo ya kijito, na shule ikazungushiwa kamba ya katani. Amri ikatolewa: karantini. Asitoke mtu, asiingie mtu. Chakula kitaachwa kambani na kuchukuliwa baada ya aliyekileta kuondoka. Salumu angeweza kutoka asubuhi ile, kwa sababu askari walimuuliza kama ana mke mjini. Akajibu kwamba ana mke, lakini mke wake anajua kupika, wavulana hawa hawajui. Akahamishia mkeka wake katika ghala la jikoni.

Kwa siku za mwanzo wavulana waliona ni mchezo. Hakuna kwenda kukata kuni bondeni, hakuna kuchota maji mbali, kwani pipa lililetwa na askari. Lakini karantini ni kama jiwe ndani ya kiatu: mwanzo unatembea tu. Wiki ya pili ilipoanza, waligombana kwa ajili ya mahali pa kulala, na mkubwa mmoja akampiga mdogo kwa sababu kakohoa. Kila asubuhi walikuwa wakichunguzana nyuso na viganja. Mwenye kipele cha mbu alitengwa kutwa nzima, akala peke yake nyuma ya choo. Mwalimu mkuu, Mwalimu Adamu, mtu mzuri mwenye suruali iliyonyooshwa, aliijua dawa moja tu ya mambo yote nayo ni hesabu. Akawaongezea hesabu. Waliposhindwa hesabu akawaongezea paredi, kushoto kulia juani, mpaka wawili wakazirai na wengine wote wakadhani ndio hiyo ndui imefika. Mwenye elimu yake, nani amwambie?

Kilichowavunja kabisa kilikuja kwa mdomo wa mama mmoja. Alisimama ng'ambo ya kamba akamwita mwanawe, na kwa kuwa hakuruhusiwa kusogea, alimpa habari kwa kupaza sauti, shule nzima ikasikia. Babu yake amekufa kwa ndui. Watu wa serikali wamewazika watatu pamoja, hawakuwaosha, wamewamwagia chokaa. Matanga yamekatazwa. Hakulia mtu. Mama akageuka akaenda, maskini, hakujua alichokiacha nyuma.

Tangu saa ile wavulana wakaacha kula. Salumu alipika maharage akaongeza nazi, alipika kisamvu kwa karanga, akaomba askari wamletee dagaa, na sufuria zilirudi jikoni kama zilivyokwenda. Hawakuwa wakiogopa kufa, ndivyo alivyokuja kumwambia Mwanne baadaye. Mtoto hajui kufa ni nini. Walikuwa wakiogopa kufukiwa kama mbwa, bila mtu wa kuwalilia.

Aliyemfunulia jambo hilo alikuwa Husseini, mvulana mrefu mkimya kutoka Kongowe. Salumu alimkuta adhuhuri amelala kifudifudi chini ya kamba, nusu ya mwili nje, nusu ndani, hana nguvu ya kutoka wala ya kurudi, maana hakuwa amekula siku nyingi. Askari alikuwa akisinzia upande wa pili. Salumu akamvuta kwa miguu, akamkalisha kivulini, akamuuliza alikuwa akienda wapi na miguu hiyo ya kunguru.

Husseini akasema, "Mtani, mimi nikifa hapa, nani atanililia?"

Salumu akakaa chini kando yake. Alimtazama yule mtoto, midomo imekauka, macho yameingia ndani, akahisi hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya matangani, "Utakufaje bila ruhusa yangu na mimi nakudai? Leo nina nafasi. Nitakuzika leo, nikulilie kabisa, tumalizane."

Alasiri ile akatandika mkeka uani. Akamlaza Husseini, akamfunika shuka la bwenini, akawaita wavulana wote akawaambia wamefiwa. Walisimama wakitazamana. Salumu akaingia jikoni, akatoka amejifunga gunia kiunoni, mwiko begani kama bunduki, akiomboleza kwa sauti ya kike. Akalia kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila alikuwa mvivu, na mchoyo, na aliwahi kuficha kiazi chini ya mto mpaka kiazi kikaota. Akanyanyuka akatembea kama Husseini, shingo mbele, mikono imening'inia, akauliza swali la hesabu kama Husseini alivyokuwa akiuliza, kwa kujiuma ulimi. Mmoja akacheka. Akacheka wa pili. Kisha shuka likaanza kutikisika, na maiti mwenyewe akacheka mpaka akapaliwa. Salumu akamnyooshea mwiko akasema maiti huyu amefufuka, na kila anayefufuka ana njaa, basi sheria ya mchezo ni hii: aliyefufuka ale mbele ya watu tuone kama kweli ni mzima au ni mzimu. Akaleta bakuli. Husseini akala. Wavulana wote walimtazama akila, na alipomaliza mwingine akasema yeye naye amekufa.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila alasiri, baada ya sala, mvulana mmoja au wawili walizikwa. Wafiwa walijifunza kulia kwa madaha, mtani alinyakua vitu, na vitu vikakombolewa kwa karanga, kwa kuosha sufuria, au kwa tusi jipya ambalo Salumu hajawahi kulisikia. Sufuria zikaanza kurudi tupu. Mwenye kipele cha mbu hakutengwa tena, alizikwa tu kwa haraka kuliko wenzake. Waliokuwa wakilia usingizini walilala. Msiba wa wengi harusi, walisema wahenga, na kweli ilikuwa harusi. Mwalimu Adamu mwenyewe alikuwa akisimama dirishani mwake, mkono mdomoni, mabega yakicheza. Bwana Afya alipokuja na kuuliza imekuwaje shule hii watoto wake wanakula ilhali kwingine wanakonda, Mwalimu Adamu akamweleza habari ya hesabu na paredi.

Mwanne alikuwa akileta mboga kambani. Alipousikia mchezo ule alisimama pale pale na kapu kichwani, akamwita mumewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliongea chini chini. Alimkumbusha kwamba utani wa msiba unangoja msiba. Mtu hazikwi akiwa hai, hata kwa mchezo, hata na mtani. Huko ni kuchuria, kumwitia mtu mkosi. Kwao hata kupima urefu wa mtoto aliyelala ni mwiko, seuze kumfunika shuka na kumlilia. Likitokea jambo, watu hawatasema ni ndui.

"Msiba upo, Mwanne," akasema Salumu. "Umekosa maiti tu. Nikingoja maiti, nitawazika wote kwa njaa."

Mwanne akasema, "Basi cheka nao. Tukana. Lakini usiwazike."

Hakumsikia. Tusimwonee, hakuwa mjinga, na mila aliijua kama kiganja chake. Alijua kwamba anakata mti aliokalia. Ila kila akifikiri kuacha, alimwona Husseini chini ya kamba, na alasiri ikifika anatandika mkeka.

Miongoni mwa wavulana alikuwepo Kibwana, mtoto wa Mwishehe wa Kongowe. Mwishehe alikuwa mkulima na mchuuzi wa nazi, na katika Wazaramo wote hakuna aliyemtukana Salumu kwa ufundi kama yeye. Walikuwa wakikutana njiani wanasimama jua linawachoma, wanatukanana mpaka punda wa Mwishehe anachoka kungoja. Salumu ndiye aliyewachekesha watu katika matanga ya baba yake Mwishehe, akaondoka na bakora ya marehemu, na Mwishehe akaikomboa kwa jogoo na kwa tusi ambalo bado linasimuliwa Kongowe. Kibwana alirithi mdomo wa baba yake. Katika kuzikwa hakuwa na subira. Mara ya kwanza alicheka kabla shuka halijamfika kifuani, akadai hiyo haihesabiwi, azikwe upya.

Akazikwa upya. Safari hii alijikaza, akalala kama gogo huku Salumu akimwiga baba yake anavyopatana bei na punda. Wenzake walikuwa wakijigaragaza chini. Salumu, ili amshinde, akainama akamnyakua kofia yake, kofia ya viua aliyoshona mama yake, akaivaa juu ya utosi wake mpana. Hapo Kibwana akafunua jicho moja, akamwona, akacheka. Akafufuka, akala, akaambiwa kofia itakombolewa kesho.

Kesho yake asubuhi alikuja mlangoni mwa jiko na konzi ya karanga. Salumu alimtazama, akazipima karanga kwa macho. Huo ndio utani: hakuna kinachokombolewa kwa mara ya kwanza. Ukikubali upesi umemdharau mwenzio. Akamwambia kofia ya mtoto wa Mwishehe haiwezi kuwa na bei ya kuku mgonjwa, arudi na karanga zaidi na tusi zuri, maana alilonalo limechacha. Kibwana akacheka, akasema kichwa kinamuuma kidogo, atatunga mchana. Salumu akamwambia kichwa kisicho na kitu ndani kinaumaje.

Mchana alikuwa na homa. Siku mbili baadaye vipele vikamtoka usoni. Mkono wake ulipotazamwa, dresa akakuta chanjo haikushika, ngozi ni laini kama haijaguswa. Wakamchukua kwa machela. Salumu alitoka mbio jikoni na kofia mkononi, lakini dresa akamzuia asisogee, na Kibwana akageuza kichwa juu ya machela akasema, "Kaa nayo, mtani. Nikirudi naikomboa."

Alikufa kambini. Wakamfukia watu wa serikali kwa chokaa, ng'ambo ya kijito. Kila alichokuwa nacho bwenini kilichomwa moto, mkeka, daftari, shuka. Kofia ilikuwa jikoni. Salumu aliichemsha mara nyingi katika sufuria yake mwenyewe, akaianika juu ya dari la ghala mahali pasipoonekana.

Siku ile wavulana hawakutaka mchezo, na Salumu naye hakutandika mkeka. Lakini jioni walikuja jikoni wenyewe, wote, wakakaa chini. Husseini akamwambia wanataka wamlilie Kibwana. Wakamlilia. Salumu aliwaimbia nyimbo za matangani, za kweli, akawaambia habari za Kibwana, mdomo wake, karanga zake, jinsi alivyofunua jicho. Walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Kisha wakala. Hakuna mvulana mwingine aliyekufa shuleni pale.

Karantini ilipofunguliwa, wavulana walitawanyika makwao na jambo la kusimulia. Wakasimulia kwa fahari. Husseini ndiye aliyefika Kongowe kwanza, amenenepa mashavu, akawaeleza wazazi wake na majirani, mbele ya baraza iliyojaa, jinsi mtani Salumu alivyowazika mmoja mmoja mpaka hofu ikawatoka. Akaeleza jinsi Kibwana alivyozikwa mara mbili. Mtoto alikuwa akisifu. Aliona watu wamenyamaza, akadhani wanamsikiliza vizuri.

Mwishehe aliweka matanga ya mwanawe, matanga ya kuchelewa, bila kaburi la kwenda kulitazama. Salumu aliposikia akachukua kofia, akaifunga kwenye kitambaa safi, akashuka vilima kwenda Kongowe kwa miguu. Mwanne alimsihi aende kutoa pole tu, akae kimya, kofia aiache nyumbani. Alikataa. Mtoto alisema ataikomboa, na asipokuwepo mtoto, yupo baba. Ikikombolewa, kwa kuku, kwa chochote, kwa tusi moja tu la Mwishehe, basi Kibwana amepata matanga yake sawasawa na yeye Salumu amesamehewa. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza njia nzima.

Alifika mchana. Wanaume walikuwa wamekaa mikekani mbele ya nyumba. Alianza kulia tangu kwenye mnazi wa kwanza, kilio cha mtani, kikubwa, cha kuchekesha, akatembea mwendo wa Kibwana, akaitoa kofia akaivaa. Ndani ya nyumba mwanamke mmoja alipiga ukelele mmoja, akanyamazishwa. Nje hakuna aliyecheka. Salumu akaendelea, kwa kuwa mtani haachi njiani. Akadai nyumba hii ina deni, kofia ya bwana mdogo iko rehani, nani anaikomboa? Macho yake yalimtafuta Husseini miongoni mwa vijana, yakamwona, na Husseini akainamia miguu yake.

Mwishehe aliinuka. Alikuwa amekonda. Salumu alimngojea afungue kinywa, amwite mbeba pembe, mla panya, mtumwa wa babu yake, lolote. Aliomba Mungu amtukane.

"Ahsante kwa kuja, Bwana Salumu," akasema Mwishehe. "Umetoka mbali. Karibu mkekani, utaletewa maji."

Bwana Salumu. Tangu aje pwani hakuna Mzaramo aliyewahi kumwita hivyo. Alivua kofia akainyoosha kwa mikono miwili, akasema kwa sauti yake mwenyewe, wala si ya matangani, kwamba hii ni ya mtoto, imechemshwa, haina kitu, aipokee tu, haina bei.

"Baki nayo," akasema Mwishehe. "Sisi hatuna cha kukomboa."

Alipewa maji kwa adabu. Akasindikizwa mpaka njiani kwa adabu. Na adabu ile ilimtangulia kupanda kilima. Alipoingia sokoni Kisarawe wiki iliyofuata, wauza muhogo walimwambia shikamoo. Wazee barazani wakasogea kumpisha nafasi, wakamuuliza habari za nyumbani. Mji ule ambao kila mama alikuwa na mtoto aliyekula kwa mkono wa Salumu wakati wa ndui, mji mzima, ulimheshimu. Shukrani ya punda ni mateke, lakini mateke angeyashukuru, maana punda humpiga mtu anayemjua. Hawa walimpa heshima ya mgeni anayengojewa aondoke. Mcheza kwao hutunzwa, na yeye alikuwa ameonyeshwa kwamba pale hakukuwa kwao.

Wazazi walipokwenda kulalamika shuleni kwamba mpishi alimchuria mtoto wa watu, Mwalimu Adamu akashangaa sana. Alisema hakuwahi kuuona mchezo huo. Salumu akatolewa kazini kwa maneno mazuri. Akapasua kuni, Mwanne akakaanga vitumbua, wakaishi. Watu walinunua kuni zake, wakalipa bila kuvutana bei. Matanga yalipotokea hakuitwa. Akienda, anakaribishwa mkekani, anapewa sahani kabla ya wengine, na wafiwa wanalia mpaka wanazimia bila mtu wa kuwachekesha, kwa kuwa waliona heri kuzimia. Alizoea kurudi nyumbani mapema. Mwanne peke yake ndiye aliyeendelea kumwita mbeba pembe, asubuhi na jioni, kwa sauti ile ya ng'ambo ya bonde, hata majirani wakajua kwamba anafanya makusudi.

Miaka ikaenda. Vita ikaisha, wale wavulana wakaota ndevu, wengine wakawa walimu, Husseini akawa karani wa baraza pale pale Kisarawe, kijana wa kanzu nyeupe na kalamu kifuani. Akikutana na Salumu njiani huvua kofia na kumsalimu vizuri sana, kisha anaharakisha. Mara moja, Salumu alisimama makusudi katikati ya njia akamwambia kwamba miguu yake bado ni ya kunguru. Husseini alitabasamu kidogo, akatazama nyuma kama kuna mtu, akasema ana haraka ya kazini.

Mwanne alikufa msimu wa mafenesi, kwa homa ya siku chache. Mji ulikuja wote. Walichimba kaburi vizuri, wakaleta sanda nzuri, kwani wakati huo nguo ilikuwepo. Mwishehe naye alipanda kilima na fimbo yake, akatoa pole. Kilichokosekana ni mtani. Mtani wa Mwanne ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi wa pekee pale alikuwa mumewe.

Salumu aliingia kaburini kumpokea mkewe, kama ilivyo haki ya mume. Walipomlaza na kuziweka mbao, waliokuwa naye wakapanda juu. Yeye hakupanda. Alijikalia pale chini, pembeni mwa mbao, akatoa kifuani kofia ndogo ya viua iliyofifia, akaivaa juu ya mvi zake. Akapaza sauti. Akasema kaburi hili halifukiwi. Huyu mwanamke alikuwa na makelele, aliniita mbeba pembe miaka yote hiyo na hajanilipa, basi nani katika nyinyi wavivu wauza minazi anajitokeza kumlipia? Semeni. Mmoja tu aseme.

Juu yake nyuso zilikuwa zimeuzunguka mdomo wa kaburi, nyuso za wazee na nyuso za wale wavulana, nyingi kati ya hizo alizilisha kwa bakuli. Zilikuwa zikimtazama chini kwa huruma. Hakuna aliyemkatiza. Walimngojea amalize, kama watu wenye adabu wanavyomngojea mgonjwa. Mchanga kidogo ulidondoka begani mwake.

Husseini akapiga magoti ukingoni. Salumu aliona midomo yake inacheza, aliona kabisa kwamba tusi liko pale, limefika kwenye meno, tusi zuri, na akamwinulia uso kulipokea. Husseini akamtazama Mwishehe aliyesimama upande wa pili na fimbo yake. Kisha akanyoosha mkono chini.

"Pole sana, Bwana Salumu," akasema. "Shika mkono wangu, utoke."

Akaushika, akatoka.